Kipaza sauti kisichozimwa

Ulimi ni kiungo kidogo, lakini hasara yake ni kubwa. Mwezi wa Agosti 2006, jijini Colombo, Sri Lanka ilikuwa ikicheza kriketi na Afrika Kusini. Hashim Amla, Mwislamu mwenye ndevu ndefu, alipoudaka mpira, mtangazaji Dean Jones wa Australia alimwita gaidi. Alidhani matangazo ya biashara yamekwisha kuanza. Kumbe neno lake lilikwenda hewani. Aliomba radhi, lakini kituo cha Ten Sports kilimfukuza kazi.

Mashabiki waligawanyika. Wapo walioona radhi ingetosha, na wapo waliotaka kiti chake akalie mtu mwenye kuheshimu dini za watu. Ujuzi wa mchezo Jones alikuwa nao. Alichokosa ni kuuhifadhi ulimi.

Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, inatukataza kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya. Nayo Sura ya Qaf, aya ya 18, yatufunza kwamba kila neno tulitamkalo lina mwenye kuliangalia. Kwa muumini, basi, hakuna kipaza sauti kilichozimwa.

Amla aliendelea kucheza. Mwaka 2012 jijini London alipata mikimbio 311 bila kutolewa, na mwaka 2014 akawa nahodha.

Nasi wazazi tujiulize: tunapowataja majirani wa dini au kabila jingine, milango ikiwa imefungwa, watoto wetu wanasikia nini?