UGUMU WA CHUMA: MAJI YA MHUNZI NA MWANGA WA LEZA

Tazama shoka lako. Likiwa laini, makali huisha upesi. Likiwa gumu lote mpaka ndani, hukatika kama chungu. Shoka zuri lina makali magumu, lakini mwili wake huvumilia kishindo. Je, ugumu huo hutoka wapi?

MOTO NA MAJI

Chuma cha pua ni chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo. Kaboni ni kitu kilichomo kwa wingi katika mkaa.

Mhunzi hutia chuma hicho motoni mpaka kiwe chekundu. Kisha hukichovya katika maji au mafuta. Chuma kikipoa ghafula, kaboni hukosa nafasi ya kujitenga. Hunaswa ndani, na chuma huwa kigumu. Kikipoa polepole, kaboni hujitenga, na chuma huwa laini.

Chuma chenye kaboni kidogo mno hakiwi kigumu, hata ukikichovya mara kumi. Ndiyo sababu wahunzi wengi hupenda springi za magari makuukuu. Zina kaboni ya kutosha.

MWANGA BADALA YA MOTO

Mwaka 1960, Theodore Maiman wa Marekani alitengeneza leza ya kwanza. Leza ni chombo kinachotoa mwanga wa namna ya pekee. Mwanga wa kurunzi hutawanyika. Mwanga wa leza huenda pamoja, na huweza kukusanywa mahali padogo sana. Pengine umeona mtu akiwasha jani kavu kwa kioo cha kukuza na mwanga wa jua. Leza yenye nguvu hupita hapo mara nyingi.

Kiwandani, mwanga huo hupitishwa juu ya chuma. Ngozi ya chuma hupata joto la zaidi ya digrii 800. Kumbuka, maji huchemka kwa digrii 100. Lakini ndani chuma bado ni baridi. Mwanga ukishapita, sehemu ya ndani huvuta joto lile. Ngozi hupoa ghafula bila maji, na huwa ngumu. Mara nyingi unene wa safu hiyo ni kama milimita 1 tu.

Faida yake ni kwamba chuma hakipindi sana, kwa kuwa hakikupata moto chote. Katika miaka ya 1970, kampuni ya General Motors ya Marekani ilitumia leza kukaza sehemu za usukani wa magari zinazosuguana.

LINDA MAKALI YAKO

Leza haipo kijijini, lakini kanuni ni ile ile: joto huleta ugumu, na joto huuondoa. Kwa hiyo:

1. Mpini ukivunjikia katika tundu la shoka, usitupe shoka motoni ili kipande kiungue. Moto utalainisha makali. Toboa kipande hicho, ukigonge kitoke.

2. Unaponoa kwa mashine, chovya makali majini mara kwa mara. Ukiona rangi ya buluu kwenye makali, ujue ugumu umepungua.

3. Shoka likishaungua, mpelekee mhunzi. Anaweza kulikaza upya.

Shoka lililotunzwa hivyo litakufaa miaka mingi. Lililotupwa motoni utalinoa kila siku, na kuni hazitakatika.