AC/DC: Albamu iliyotoka wakati wengi wameshaizika bendi

Mwishoni mwa 2016, mashabiki wengi wa rock walikuwa wameshakata tamaa na AC/DC. Lakini Novemba 13, 2020, wakongwe hao wakaachia Power Up, albamu ya nyimbo 12 iliyoshika namba moja Australia, Uingereza na Marekani. Iliwezekanaje?

Pigo juu ya pigo

AC/DC ilianzishwa Sydney, Australia, mwaka 1973 na ndugu wawili, Malcolm na Angus Young. Angus ndiye yule anayerukaruka jukwaani na gitaa la solo, amevaa sare ya shule. Ila nguzo ya bendi ilikuwa kaka yake, Malcolm, aliyepiga gitaa la rithimu.

Mwaka 2014 Malcolm aliacha kazi baada ya kupata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Nafasi yake ikachukuliwa na mtoto wa kaka yao, Stevie Young. Mpiga ngoma Phil Rudd naye akakosa ziara ya 2015 akiwa na kesi New Zealand.

Machi 2016 ikawa zamu ya mwimbaji Brian Johnson. Madaktari walimwambia aache kupanda jukwaani, la sivyo angekuwa kiziwi kabisa. Axl Rose wa Guns N' Roses akaitwa kumalizia ziara. Ilipoisha, Cliff Williams wa gitaa la besi naye akastaafu.

Novemba 18, 2017, Malcolm alifariki akiwa na miaka 64.

Akiba ya Malcolm

Nyimbo za AC/DC hujengwa juu ya vipande vifupi vya gitaa vinavyojirudia, vile ambavyo msikilizaji anavikumbuka hata akisahau maneno. Ndugu hawa walikuwa wakivitunga na kuvihifadhi miaka yote.

Walipokuwa wakiandaa albamu ya Black Ice, iliyotoka 2008, vilikuwa vingi kuliko nafasi iliyokuwepo. Vilivyobaki vikawekwa kwa ajili ya baadaye. Malcolm alipoondoka, Angus akaifungua akiba hiyo, akachagua vilivyo bora na kuvigeuza nyimbo kamili.

Ndiyo maana kila wimbo wa Power Up una majina mawili ya watunzi: Angus na Malcolm. Gitaa la rithimu linalosikika humo ni la Stevie, lakini mawazo mengi ni ya marehemu.

Na masikio ya Brian?

Johnson alisaidiwa na Stephen Ambrose, mtaalamu wa vifaa vya kusikilizia vya wanamuziki. Mwaka 2018 yeye, Rudd na Williams walirudi studio na wenzao huko Vancouver, Kanada. Kisha korona ikachelewesha albamu kutoka.

Waliwahi kufanya hivi

Februari 1980 bendi ilimpoteza mwimbaji wake, Bon Scott. Miezi mitano baadaye ikatoa Back in Black, moja ya albamu zilizouzwa zaidi duniani. Safari hiyo walikuwa vijana. Power Up inatoka, Angus alikuwa na miaka 65 na Johnson 73.

Hata jukwaani wamerudi: Oktoba 2023 walipiga shoo California, na 2024 wakazunguka Ulaya. Anayeimba ni Johnson yuleyule.