Rola ya Bei Rahisi Inaweza Kuwa Ghali

Bati la geji 28 unaloliona juu ya paa la hosteli, kabla halijawa bati, lilikuwa tofali la chuma lenye unene wa kama milimita 200 au 250. Tofali hilo huchomwa hadi karibu nyuzi joto 1,200, kisha hupitishwa katikati ya rola, jozi baada ya jozi, mpaka liwe ukanda wa milimita chache unaoviringishwa kuwa koili. Koili hiyo ndiyo baadaye hupunguzwa unene tena ikiwa baridi na kupakwa zinki.

Mimi nasomea ualimu, si uhandisi. Lakini nimezifuatilia rola hizi kwa sababu zinatufundisha kitu tutakachokutana nacho wote kazini: namna ya kuagiza unachokihitaji.

Fikiria kazi ya rola. Inagusana na chuma chekundu, sekunde hiyohiyo inamwagiwa maji, inazunguka, inaguswa tena. Joto na baridi vinapopokezana hivyo, uso wake hupata nyufa ndogondogo. Ndiyo maana rola hutolewa kila baada ya saa kadhaa, husagwa upya na kurudishwa kazini. Kila ikisagwa inapungua kipenyo. Ikifikia kipimo cha mwisho, basi tena, ni chuma chakavu.

Sasa mnunuzi hawezi kuandika tu "naomba rola imara". Imara kwa lipi? Mwanzoni mwa mstari wa kumalizia, ambako chuma bado ni kinene na cha moto zaidi, hutakiwa rola inayostahimili joto na mikwaruzo, mfano ya chuma chenye krome nyingi. Mwishoni, ambako ukanda ni mwembamba na unakwenda kasi, hupendwa rola yenye chembe za grafiti, maana ukanda ukijikunja hauigandi kirahisi. Tena rola nyingi zina tabaka mbili: ganda gumu nje, kiini kisichovunjika upesi ndani. Kwa hiyo oda hutaja kipenyo cha mwanzo na cha mwisho, ugumu wa ganda, unene wake, na kipimo cha mawimbi ya sauti kuthibitisha kwamba ganda limeshikana na kiini. Lisiposhikana, litabanduka kazini.

Halafu bei. Tufanye hesabu ya mfano. Rola A inauzwa milioni 30, rola B milioni 60. Zote zina milimita 50 za kusagwa. A inabana tani 2,000 kwa kila milimita, B tani 6,000. A itafanya tani 100,000, sawa na shilingi 300 kwa tani. B itafanya tani 300,000, sawa na shilingi 200. Aliyeangalia bei ya dukani peke yake kachagua ghali.

Wenzangu wa ualimu, kesho utakaa kwenye kamati ya shule, utaletewa bei tatu za madawati, na mtu atasema tuchukue ya chini tumalize kikao. Muulize kwanza: mbao gani, unene gani, linakaliwa na wangapi, litadumu miaka mingapi? Kisha mgawanye bei kwa miaka.