Utamaduni kama kazi ya ubalozi: Tanzania mjini Beijing

Ubalozi ni ofisi ya kudumu ya dola moja ndani ya dola nyingine, na kazi zake si za kubuniwa na balozi anavyopenda. Mkataba wa Vienna wa Uhusiano wa Kidiplomasia, uliofunguliwa kutiwa saini tarehe 18 Aprili 1961 na kuanza kutumika 24 Aprili 1964, unazitaja tano katika ibara ya 3: kuiwakilisha nchi, kulinda maslahi yake na ya raia wake, kujadiliana na serikali mwenyeji, kufuatilia hali ya nchi hiyo na kupeleka taarifa nyumbani, na kukuza urafiki pamoja na uhusiano wa kiuchumi, kiutamaduni na kisayansi. Utamaduni, basi, umo ndani ya mkataba wenyewe. Pamoja na hayo, bajeti ya wizara inapobana, kazi hiyo ndiyo huwa rahisi kuiweka kando, kwa kuwa watu wengi huiona kuwa ni pambo la sikukuu ya taifa. Mfano wa Tanzania nchini China unaonyesha ni kwa kiasi gani fikra hiyo ina hasara.

Uhusiano wenyewe ni wa zamani. China ilianzisha uhusiano wa kibalozi na Tanganyika siku ya uhuru, 9 Desemba 1961, kisha na Zanzibar tarehe 11 Desemba 1963. Muungano wa 26 Aprili 1964 uliunganisha mahusiano hayo mawili, na ndiyo sababu pande zote mbili huhesabu umri wa uhusiano wao kuanzia siku hiyo. Februari 1965 Mwalimu Julius Nyerere alizuru China kwa mara ya kwanza na mkataba wa urafiki ukatiwa saini. Septemba 1967 yakafuata makubaliano ya reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa mkopo usio na riba wa yuan milioni 988 na kukabidhiwa Julai 1976.

Katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1969, Tanzania ilimpeleka Beijing Salim Ahmed Salim, akiwa na umri wa miaka 27, awe balozi wake huko na katika Korea Kaskazini pia. Mwaka uliofuata alikuwa New York kama Mwakilishi wa Kudumu katika Umoja wa Mataifa. Umoja huo ulipopiga kura 25 Oktoba 1971 kuirudishia Jamhuri ya Watu wa China kiti chake, alikuwa miongoni mwa wajumbe wa Afrika walioshangilia waziwazi ukumbini. China haikulisahau hilo: mwaka 2019 ilimtunuku Nishani ya Urafiki. Chuo cha diplomasia cha Kurasini, Dar es Salaam, leo kina jina lake.

Siasa na reli ndizo zinazokumbukwa zaidi. Kando yake kulikuwa na kazi nyingine isiyotangazwa sana ambayo imedumu kuliko matamko mengi. Redio ya Beijing ilianza matangazo ya Kiswahili tarehe 1 Septemba 1961, kabla hata Tanganyika haijapata uhuru, na mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1960 vyuo vya Beijing vikaanza kufundisha lugha hiyo kwa wanafunzi wa Kichina. Vijana wa Kitanzania nao walipelekwa China kujifunza sarakasi, na waliporudi kikaundwa kikundi cha sarakasi cha taifa, mwaka 1969. Sarakasi inayoonyeshwa leo kwenye kumbi za Dar es Salaam, ikiwa na mitungi, viti vilivyopangwa juu kwa juu na ngoma za kienyeji, ni tunda la mpango huo wa kiserikali. Watazamaji wengi wa sasa hawajui asili yake, na hilo lenyewe ni ushahidi kwamba ilipokewa ikawa ya wenyeji.

Kazi ya utamaduni kati ya nchi mbili kwa kawaida huanzia kwenye mkataba wa ushirikiano, ambao ni mfupi na hutaja nia tu. Chini yake huwekwa mpango wa utekelezaji wa miaka michache: vikundi vingapi vya sanaa vibadilishane ziara, nani alipe nauli, nani alipe malazi, wanafunzi wangapi wapewe ufadhili. Desturi iliyozoeleka ni kwamba nchi inayotuma hulipa tiketi za ndege na nchi inayopokea hubeba chakula, malazi na usafiri wa ndani. Kwa nchi yenye bajeti ndogo, kifungu hicho kimoja ndicho huamua kama kikundi cha ngoma kitasafiri au kitabaki. Afisa wa ubalozi anayekijua vizuri kifungu hicho hukijadili upya kila mpango unapokaribia kumalizika muda wake.

Ndani ya ubalozi, kazi hii mara chache huwa na mtu wake pekee. Balozi za nchi kubwa huwa na mwambata wa utamaduni mwenye ofisi na fungu lake. Katika balozi nyingi za Afrika, afisa yuleyule anayeshughulikia utamaduni ndiye pia anayeshughulikia elimu, habari na diaspora, na siku za ziara za viongozi huwa yuko uwanja wa ndege. Beijing imeitangulia Tanzania kwa saa tano. Ofisi zinapofunguliwa Dodoma saa moja na nusu asubuhi, Beijing ni saa sita na nusu mchana, na muda wa kupata jibu la wizara kabla ya ofisi za Wachina kufungwa ni mfupi. Maombi yote rasmi hupita Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi mwenyeji, au wizara nyingine iliyokubaliwa, kama ibara ya 41 ya Mkataba wa Vienna inavyotaka. Barua ya ubalozi kwenda chuo kikuu au jumba la makumbusho la serikali inaweza kukaa wiki kadhaa ikisubiri idhini.

Maonyesho ya vinyago vya Kimakonde yanaonyesha vizuri uzito wa kazi hii. Vinyago bora huchongwa kwa mpingo. Tangu 2 Januari 2017 mpingo, pamoja na jamii yake yote ya miti, umo katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Vitu vilivyokwisha kutengenezwa vina msamaha ikiwa uzito wa mti huo hauzidi kilo 10 kwa shehena moja, lakini kinyago kimoja cha ujamaa, chenye watu waliopandana mabegani, chaweza peke yake kuuzidi uzito huo. Kwa hiyo kinahitaji kibali kutoka nyumbani, na forodha ya China itakagua. Ngoma zilizowambwa ngozi ya mnyama nazo hukaguliwa na maafisa wa karantini. Ubalozi ulioanza maandalizi mwezi mmoja kabla ya ufunguzi unaweza kujikuta una ukumbi, wageni na hotuba, huku vinyago vyenyewe viko bohari ya uwanja wa ndege. Ndiyo maana maafisa wazoefu huanza na orodha ya vitu, mti wake na uzito wake, kisha ndipo wanapanga tarehe.

Kiswahili ni rahisi kusafirisha kuliko kinyago, na ndicho mtaji mkubwa zaidi ambao balozi za Afrika Mashariki zinao. Mnamo Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, ikikumbuka 7 Julai 1954, siku ambayo chama cha TANU chini ya Nyerere ilikifanya Kiswahili chombo cha kupigania uhuru. Maadhimisho ya kwanza yalikuwa 2022. Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) ilikuwa imekikubali kuwa lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019, na Februari 2022 Umoja wa Afrika ukakipitisha kuwa lugha ya kazi. Kwa ubalozi ulioko Beijing tarehe ya 7 Julai ina faida mbili. Ya kwanza ni kwamba inaziweka meza moja Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na gharama za ukumbi zikigawanywa zinavumilika. Ya pili ni kwamba wenyeji wako tayari: wanafunzi na walimu wa Kichina wanaosoma na kufundisha Kiswahili, watangazaji wa redio, wafasiri wa kampuni za ujenzi.

Hadhira hiyo ina haja tofauti na ya mgeni aliyekuja kula pilau na kupiga picha na mcheza ngoma. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anataka kujua kwa nini Watanzania husema "shikamoo" kwa mkubwa na Mkenya wa Nairobi huweza kupita na "habari yako" tu. Anataka vitabu vipya, magazeti, na mtu wa kuzungumza naye nje ya darasa. Ubalozi unaompa hayo hupata baada ya miaka 10 au 15 meneja wa mradi, mwanadiplomasia au mwandishi wa habari anayeijua Tanzania kwa lugha yake. Hapa kazi ya utamaduni inapaswa kupimwa kwa miaka, na Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoanzishwa kwa sheria mwaka 1967, lina nafasi ambayo balozi haziwezi kuijaza zenyewe: kuandaa walimu wa kufundisha wageni na vifaa vyao.

Upande wa pili wa kubadilishana, ule wa China, umekwenda kwa kasi zaidi. Taasisi za Confucius zilifunguliwa katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2013, na China ina kituo chake cha utamaduni jijini Dar es Salaam. Tamthilia ya Kichina ya Dou Dou na mama wakwe zake ilipotiwa sauti za Kiswahili na kurushwa na shirika la utangazaji la taifa, TBC, mwaka 2011, ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam, Machi 2013. Kila mwezi Aprili maafisa wa Kichina huweka maua kwenye makaburi ya Gongo la Mboto, walikozikwa wataalamu wao waliofariki wakiwa kazini Tanzania. Tanzania haina fedha za kulingana na hayo, na si lazima ilingane. Kinachohitajika ni kuchagua machache na kuyashikilia mwaka hadi mwaka.

Tangu Sera ya Mambo ya Nje ya mwaka 2001, balozi za Tanzania zimeagizwa kutanguliza diplomasia ya uchumi, na utamaduni umekuwa mlango wake. Mwaka 2024, miaka 60 ya uhusiano, ulitangazwa kuwa mwaka wa utalii na utamaduni kati ya nchi hizi mbili, na mwezi Mei filamu ya Amazing Tanzania, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan ameigiza, ilizinduliwa Beijing. Filamu huleta hamu. Baada ya hapo mtalii anauliza viza, ndege, mwongoza watalii anayejua Kichina, na kama hoteli ya Karatu au Nungwi inapokea malipo kwa simu ya Kichina. Jibu la maswali hayo liko Tanzania, na ubalozi hauna budi kuyarudisha huko yalivyo, hata kama si mazuri kuyasikia.

Bidhaa hufuata njia hiyo hiyo. Katika maonyesho ya kimataifa ya bidhaa za kutoka nje yanayofanyika Shanghai tangu 2018, kahawa, korosho na karafuu huwekwa karibu na vitenge na picha za Tingatinga, kwa kuwa mnunuzi hukumbuka zaidi kitu chenye sura na hadithi. Rwanda ilionyesha mfano Mei 2020, balozi wake nchini China aliposhiriki mauzo ya moja kwa moja kwenye intaneti na maelfu ya mifuko ya kahawa ya nchi yake ikanunuliwa ndani ya muda mfupi sana. Lakini pale mnunuzi anapotaka kontena badala ya mfuko, mambo hugeuka karatasi. Parachichi la Tanzania lilipata ruhusa ya kuingia China kwa itifaki iliyosainiwa Novemba 2022, wakati wa ziara ya Rais Samia, na ruhusa hiyo inadai mashamba na nyumba za kufungashia zisajiliwe na zikaguliwe dhidi ya wadudu kama nzi wa matunda. Mwanadiplomasia mwenyewe haruhusiwi kufanya biashara kwa faida yake binafsi, kwa mujibu wa ibara ya 42 ya Mkataba wa Vienna. Kazi yake ni kumkutanisha mnunuzi na muuzaji na kufuatilia.

Watanzania walioko China, wengi wao wanafunzi na wafanyabiashara, ni sehemu ya kazi hii pia. Wao ndio wanaojaza jukwaa sikukuu ya Muungano inapofika, wakipiga ngoma walizojifunza shuleni. Ubalozi unaowatafuta wakati wa sherehe tu, na usionekane wanapopoteza pasipoti au wanapokwama na ada, hauwezi kutegemea moyo wao kwa muda mrefu.

Taarifa za balozi kuhusu utamaduni huhesabu zaidi matukio na wageni waliohudhuria. Hesabu za manufaa zaidi ni nyingine: vyuo vingapi vinafundisha Kiswahili na vina mwalimu Mtanzania, mawakala wangapi wa utalii walioletwa mwaka juzi wameleta wageni mwaka huu, ni nyumba ngapi za kufungashia parachichi zimesajiliwa. Hesabu hizo huhitaji kumbukumbu, na hapo ndipo panapovuja zaidi. Maafisa huhamishwa baada ya miaka michache, na majina ya wakuu wa idara, wahariri na wanunuzi hubaki katika simu ya anayeondoka. Watumishi walioajiriwa papo hapo Beijing, ambao hubaki mabalozi wakipishana, ndio mara nyingi wanaojua nani alipigiwa simu na alijibu nini. Wizara inayotaka kazi hii idumu huanza kwa kudai majina hayo yaandikwe kwenye hati ya makabidhiano, yakiwa na tarehe ya mazungumzo ya mwisho na ahadi iliyoachwa.