Futari ya Mwenye Kisukari: Ruhusa ni Ibada, Kipimo ni Amana

Maandishi ya mawaidha ya Ramadhani yaliyotolewa kwa jamaa zetu wa hapa Uingereza, baada ya sala ya Alasiri

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.



Leo tumeona tulizungumze jambo lililomo katika nyumba zetu nyingi lakini halisemwi: maradhi ya kisukari, na namna ya kula kwa aliye nayo katika mwezi huu mtukufu. Linalotusukuma ni tukio tulilolishuhudia. Katika Ramadhani moja iliyopita, mzee wetu mmoja alianguka katika safu, katika sala kama hii ya Alasiri. Alikuwa akitetemeka, jasho likimtoka ilhali nje kuna baridi, na maneno yake hayashikani. Tulipompigia simu binti yake ndipo tulipojua kuwa ana kisukari kwa miaka mingi na anatumia insulini. Alhamdulillah, alipona. Tulipokwenda kumtazama alituuliza swali moja: “Nitakulaje mchana, na wajukuu wangu wanafunga?”

Swali hilo ndilo tunalotaka kulijibu.

Mwenyezi Mungu (S.W.T.), katika Suratul Baqara, aya ya 184 na ya 185, alipofaradhisha saumu alimtaja mgonjwa papo hapo na akampa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine, kisha akabainisha kuwa anatutakia wepesi wala hatutakii uzito. Basi ruhusa hii imetoka kwa yule yule aliyeamrisha saumu. Mwenye kuipokea anamtii Mola wake, na hana sababu ya kujificha jikoni kama mwizi. Anayeweza kulipa, alipe. Na hapa Uingereza siku za Desemba ni fupi, mfungo wake ni kiasi cha saa 10, ilhali wa Juni hupita saa 17. Ama mwenye maradhi yasiyotarajiwa kupona, na saumu inamdhuru majira yote, juu yake ni fidia: kumlisha maskini mmoja kwa kila siku. Ni nani katika nyinyi anayeweza kufunga kwa salama? Hilo tunamuachia daktari na muuguzi wa kisukari, kwani dawa hazifanani. Mwenye insulini, au vidonge vinavyolisukuma kongosho litoe insulini zaidi, yumo katika hatari kubwa ya sukari kushuka mchana, na dozi na nyakati zake huenda zikahitaji kubadilishwa. Asizibadilishe mwenyewe. Inapendeza kuonana nao wiki sita au nane kabla ya Ramadhani. Aliyechelewa, na apige simu kesho.

Wako wanaoacha kupima sukari wakidhani tone la damu linaharibu saumu. Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa ya Jeddah iliamua mwaka 1997 kuwa kutoa damu kwa uchunguzi hakufunguzi, wala sindano za ngozi, misuli au mshipa, isipokuwa zile za kulisha mwili. Basi pimeni. Kipimo kikiwa chini ya 3.9, au kikizidi 16.7 kwa hesabu ya mashine za hapa (jamaa zetu wa Marekani husoma 70 na 300), saumu hiyo ifunguliwe mara moja, hata kama imebaki dakika kumi kufika Magharibi. Sukari ikishuka, anywe nusu gilasi ya juisi au maji yenye vijiko vitatu au vinne vya sukari, apumzike, na apime tena baada ya robo saa. Ikipanda kiasi hicho, anywe maji na awasiliane na daktari bila ya kuchelewa. Kuitupa nafsi katika maangamizi tumekatazwa, na dakika kumi zinatosha kumuangamiza mtu.

Sasa tuje kwenye sinia la futari, maana wengi huvuka mchana salama wakaumia usiku.

Tunazijua futari zetu. Ugeni haukutusahaulisha: mihogo ya nazi, viazi vitamu, ndizi mbivu, tambi za sukari, kaimati zinazoogelea katika shira, mkate wa kumimina, na jagi la juisi ya embe. Kila kimoja ni neema. Lakini tuangalie: mihogo ni wanga, viazi ni wanga, ndizi ni wanga, tambi ni wanga zilizotiwa sukari juu yake. Wanga wote tumboni hugeuka sukari. Mwenye kisukari akionja kila sahani “kidogo tu”, amekula wanga wa watu watatu.

Hatumwambii aache chakula cha kwao. Tunamwambia achague. Aanze na tende, kwani Mtume (S.A.W.) alikuwa akifuturu kwa tende, na asipopata, kwa maji. Lakini tende moja kubwa ya Majhuul ina sukari ya kiasi cha gramu 16, sawa na vijiko vinne vya chai. Moja inatosha, ama zile ndogo, mbili. Kisha maji, kisha asali Magharibi. Akirudi, atangulize mboga na kitoweo: mchicha, kachumbari, samaki wa kuchoma au wa mchuzi, maharage au kunde. Chakula hicho kikitangulia, sukari ya wanga huingia katika damu polepole. Baada yake achukue wanga wa aina moja tu, usiozidi robo ya sahani: leo muhogo, kesho ndizi, na ndizi mbichi ni bora kuliko mbivu. Tui halina sukari nyingi, lakini lina mafuta mengi, lipunguzwe. Sambusa ziokwe, au iwe moja. Juisi, hata ya matunda yetu wenyewe, iachwe. Tunda lenyewe liliwe.

Usiku wa majira ya baridi ni mrefu, na hapo mkono hurudi kwenye sahani tangu Tarawehe mpaka usingizini. Tukumbuke mafunzo ya Mtume (S.A.W.) ya kuligawa tumbo: theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Na daku isiachwe, bali icheleweshwe, kwani ina baraka: yai, mtindi usiotiwa sukari, maharage, mkate wa ngano isiyokobolewa, na maji ya kutosha. Chai tupu na andazi haimfikishi mtu Adhuhuri.

Neno la mwisho ni kwa wapishi. Mama zetu, tunajua kwamba kumjazia mtu sahani kwenu ni mapenzi. Lakini mgeni akisema “imetosha”, msimuapize. Wekeni mezani jagi la maji kabla ya jagi la juisi. Na watoto wetu, mkimuona babu anakula mchana, mleteeni maji na mkae naye. Saumu yenu haitapungua, naye hatoona haya. Mzee wetu yule sasa hulisha maskini kila Ramadhani, na hukaa nasi katika futari na sahani yake ya samaki na mchicha. Wajukuu wake ndio wanaompimia sukari.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, azikubali saumu za waliofunga na fidia za waliopewa udhuru, na atujaalie miili tuliyopewa tuirejeshe ikiwa imetunzwa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.