Sanaa Iliyomo Ndani ya Picha ya Mfupa

Mgonjwa aliyevunjika uso ajalini anaweza kuonyeshwa fuvu lake mwenyewe likizunguka polepole kwenye kioo cha kompyuta, jeupe na laini kana kwamba limechongwa kwa pembe ya ndovu. Wengi hudhani ile ni fotografia, ilhali hakuna kamera iliyoingia mwilini. Fuvu lile limeundwa, na katika kuundwa kwake yamo maamuzi ya watu.

Malighafi yake ni vipande. Mashine ya CT hupitisha eksirei mwilini kutoka pande nyingi, kisha kompyuta hukokotoa picha za mkato, zikafuatana kama slesi za mkate. Kila nukta hupewa namba kwa kipimo chenye jina la Godfrey Hounsfield, mhandisi Mwingereza aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1979: hewa ni -1000, maji ni 0, na mfupa mgumu huweza kuzidi 1000. Namba hizo hazina rangi wala uso.

Uso huzaliwa na swali moja: mfupa uhesabiwe kuanzia namba ipi? Mwaka 1987 William Lorensen na Harvey Cline, watafiti wa General Electric, walichapisha njia ya kuzipitia nukta nane nane, mithili ya pembe za mchemraba, na kuchora pembetatu ndogo kila palipo na mpaka wa namba iliyochaguliwa. Pembetatu hizo, kwa maelfu, huungana zikawa ganda. Hatari imo hapa hapa. Namba ikiwa juu mno, mfupa mwembamba ulio chini ya jicho hutoweka, na mtazamaji huona tundu pasipo jeraha. Kisha programu hulainisha ngazi zilizoachwa na vipande. Na ufa mwembamba, ambao ndio uliokuwa ukitafutwa, huenda ukalainishwa pamoja nazo. Ndiyo maana mtaalamu wa radiolojia, hata akipendezwa na fuvu lile, hurudi kwenye vipande vyenyewe kabla ya kuandika majibu.

Rangi nazo ni hiari ya msanii. Vena za buluu ni desturi ya vitabu tu. Damu iliyomo ni nyekundu iliyokoza.

Walau mradi mmoja ulianza na rangi halisi. Mwaka 1994 Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilitoa picha 1,871 za mwili wa mfungwa aliyeutoa kwa sayansi, na ambaye hukumu yake ya kifo ilitekelezwa Texas mwaka 1993. Mwili huo uligandishwa, ukaparuzwa milimita moja moja na kupigwa picha kila hatua. Mwaka uliofuata ukaja wa mwanamke, kwa theluthi ya milimita. Wanafunzi wa tiba wanaoizungusha miili hiyo leo huona misuli yenye rangi yake, ila mapafu hayapumui na mishipa haina mwendo wa damu. Uhai, katika kazi zilizotokana na picha hizo, huongezwa na mchoraji.