Kifafa cha mimba na hali inayokitangulia

Istilahi «kifafa cha mimba» imekwisha kukita mizizi katika Kiswahili, kliniki na redioni. Hata hivyo humtega mfasiri. Kifafa ni maradhi ya ubongo yanayompata mwanamume kwa mwanamke. Kifafa cha mimba huletwa na mimba yenyewe. Tena, jina limetokana na tukio la mwisho, yaani mtukutiko. Kiyunani nacho kilifanya vivyo: neno lililozaa istilahi ya kimataifa lina maana ya kumeta kwa ghafla.

Tatizo ni hali inayotangulia mtukutiko: baada ya wiki ya 20, shinikizo la damu hufika 140/90 au zaidi, na mara nyingi protini huonekana katika mkojo. «Presha ya mimba» ni pana mno, kwani shinikizo laweza kupanda bila madhara mengine. «Dalili za awali za kifafa cha mimba» ndiyo tafsiri ya kawaida, nayo inapotosha: hali hiyo ni ugonjwa kamili, unaoweza kuua kwa kiharusi au kwa kuharibu ini kabla mama hajatukutika hata mara moja.

Chanzo chake kimo katika kondo la nyuma. Katika mimba yenye afya, kondo hutoa protini chochezi ya ukuaji, kwa ufupisho PlGF, inayosaidia mishipa ya damu kukua na kubaki na afya. Kiwango chake katika damu hupanda hadi karibu na wiki ya 30, kisha hushuka. Katika ugonjwa huu huwa chini mno, huku protini nyingine, sFlt-1, ikizidi na kuinasa ile ya kwanza isifanye kazi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulionyesha kuwa sFlt-1 huanza kuzidi takriban wiki 5 kabla ugonjwa haujajitokeza. (Wanaotafsiri «kipengele cha ukuaji» wamefuata neno, wakaiacha kazi yake.)

Uzito wa uteuzi wa neno huonekana wazi katika delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, ambako safari kutoka kijiji cha visiwani hungoja chombo na maji kujaa. Mjamzito aliyevimba uso, anayeumwa kichwa, anayeona maluweluwe na kusikia maumivu chini ya chembe cha moyo, akiambiwa ana «dalili za kifafa», aweza kujibu kwa haki kabisa kwamba hajaanguka. Na akitukutika, pwani kuna neno jingine tayari, degedege, ambalo ni la watoto na huhusishwa na ndege wa usiku. Nalo laweza kumpeleka mgonjwa kwa mganga kwanza.

Kwa hiyo katika maandishi ya kitaalamu «priklampsia» inafaa, mradi ifafanuliwe mara ya kwanza. Kwa mama na jamaa zake, sentensi ni bora kuliko istilahi: «Kondo la mimba hii linaiumiza mishipa yako ya damu; twende hospitali kwa maji haya haya, tusingoje uanguke.»